Kabla ya Soko la Sita

Jambo lote lilinigharimu shilingi mia nne na nne. Nikihesabu mara ya pili napata mia tatu tisini na sita, kwa sababu magunia mawili kati ya yale tisa yalirudi kwangu, na gunia jipya wakati ule nilikuwa nikiliuza shilingi nne. Lakini yalirudi yakiwa na viazi ndani, na mpaka leo sijui viazi vile niviweke upande gani wa hesabu. Basi naiacha hapo, katikati ya namba mbili, mahali ambapo mfanyabiashara hatakiwi kulala.

Nilikuwa nauza magunia na kamba za katani pale Chaka, miaka michache baada ya uhuru, wakati ambapo hata kununua kengele ya shule kuliitwa harambee. Tulikuwa na stoo kumi na moja za mbao na mabati nyuma ya soko, ukingoni mwa kijito ambacho sehemu kubwa ya mwaka ungekivuka bila kuvua viatu. Kodi ilikuwa rahisi. Nilipouliza kwa nini ni rahisi nikaambiwa ni kwa ajili ya harufu, maana stoo ya mwisho ilikuwa ya ngozi za mwenye bucha. Nikaridhika. Harufu ni kitu ninachoweza kukielewa.

Kieni, eneo letu lile, ni pakavu. Maji tulinunua kwa debe, na mtu akimwaga kikombe kizima alitazamwa. Kwa hiyo maji yalipoingia kwa mara ya kwanza katika stoo mbili za chini, yakafika kwenye kifundo cha mguu na kuondoka, wengine walicheka. Hasara ilikuwa unga kidogo na sabuni. Lakini habari ilifika Nyeri, na wiki chache baadaye akaja mtu wa bima, amefunga tai, na mkoba wake ameupakata kama mtoto mgonjwa.

Alitukusanya mbele ya bucha akatueleza. Mwenye hasara ya mafuriko atatoa taarifa ndani ya siku saba. Atakamilisha madai yake ndani ya siku thelathini. Kampuni nayo itatoa jibu ndani ya siku tisini.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyekuwa akiuza mbegu za viazi katika stoo iliyopakana na yangu. Nilizoea kumwita Maitu, yaani mama, ingawa hakunizaa, na yeye aliniita kijana hata baada ya kichwa changu kuanza kung'aa. Ndiye aliyeuliza kwanza.

"Sisi saba, nyinyi tisini?"

"Ndiyo, mama. Ni utaratibu."

"Na Jumapili iko ndani?"

"Siku ni siku, mama."

"Na siku inaanza saa ngapi?" aliuliza mwenzetu wa Nanyuki, mchuuzi wa kondoo, Mwislamu, aliyekodi stoo moja ya kuwekea chumvi ya mifugo. Tulimwita Hajji, ingawa mbali kabisa alikowahi kufika ni Isiolo. "Kwetu siku inaanza jua likizama. Maji yakiingia saa moja jioni, kwako ni leo, kwangu ni kesho."

Yule bwana alijipangusa uso. Mimi nikaona huu ndio wakati wa mtu wa soko kusaidia. Nikamwambia zile siku tisini ni nyingi, mimi nampa ishirini. Akasema siku haziuzwi. Nikamwambia kila kitu kinachotajwa kwa namba kina bei ya mwisho, aitaje twende mbele. Akafunga mkoba, akanunua kilo moja ya nyama ya kondoo, akarudi Nyeri. Nyama hiyo, nasikitika kusema, alinunua bila kuipunguza bei.

Mwenye bucha ndiye aliyesema, "Kwani hii bima ni nini? Si ni watu wanaweka pesa pamoja? Hata sisi tuko na watu na tuko na pesa."

Ndivyo ilivyoanza bima yetu wenyewe. Kila stoo shilingi tano kwa mwezi. Mwenye bucha akawa mwenyekiti kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kufuli kubwa. Sanduku la bati lilifungwa kwa mnyororo chini ya gogo la kukatia nyama, na mwizi angelazimika kupita mbele ya shoka ili alifikie.

Ikabaki kuweka mihula, yaani muda wa mwisho wa kila jambo. Wenzangu walisema kazi hiyo ni yangu, kwa kuwa nimemfukuza mtu wa bima kwa maneno matupu.

Mkutano ulifanyika hapo hapo bucha, saa nane, wakati wateja ni wachache. Mwenyekiti alitaka mwenye hasara alipwe baada ya miezi mitatu, ili kamati iwe na muda wa kufikiri. Maitu alitaka siku tatu.

"Siku tatu hata maji hayajakauka," mwenyekiti akasema.

"Na miezi mitatu hata mimi nimekauka," Maitu akajibu.

Tukajaribu wiki, tukakwama kwa Jumapili. Tukajaribu mwezi, na hapo Hajji akauliza mwezi upi, wa karatasi au wa angani, maana mwezi wa angani ni mfupi na yeye hawezi kuchangia siku asizoziona. Mmoja alihesabu mwezi kuanzia siku ya mshahara wa mwanawe. Mwingine alisema ukweli kwamba tarehe huwa anaulizia kwa mwalimu. Nilitazama watu kumi waliokaa juu ya magunia yangu, nikaona hakuna siku hata moja ambayo wote wanaijua isipokuwa moja tu. Siku ya soko.

Soko letu lilikuwa mara mbili kwa wiki. Mtu anaweza kusahau umri wa mtoto wake, lakini soko halisahau, kwa kuwa asipokuja hali. Tena soko haliwezi kusingiziwa. Ama lilikuwepo ama halikuwepo. Hata kina nyanya zetu walihesabu hivyo, deni la mbuzi lilipewa soko kadhaa, na mdeni hakusema hakuelewa.

"Tuhesabu kwa soko," nikasema.

Wote wakaanza kusema pamoja, dalili kwamba wamekubali na sasa wanataka kupunguziwa. Taarifa ya hasara tuliipa soko la pili: anayeomba aseme kabla halijafika. Ukaguzi, kabla ya soko la tatu. Malipo nilianzia soko la kumi, nikijua nitashuka.

"La nne," Maitu akasema.

"Maitu, mwenyekiti atapata wapi nafasi?"

"Sanduku liko chini ya kisu chake. Anainama tu."

"La tisa."

"La tano, na nitamsalimia mama yako."

"Mama yangu ni mgonjwa wa magoti, salamu hazitoshi. La saba."

"La sita," alisema Hajji, "na mniache niswali."

Basi likawa la sita. Kabla ya soko la sita tangu mafuriko, mwenye hasara awe amelipwa. Tulikunywa supu ya bure kwa mwenyekiti, jambo ambalo halijatokea tena, nami nikaenda nyumbani nikijiona nimeitengeneza sheria isiyo na tundu.

Mwaka uliofuata mvua ya njahi, ile ndefu ya kuanzia Machi, ilikuja kwa namna ya ajabu. Chaka jua lilikuwa linawaka. Nilikuwa nimeketi nje nikimwuzia mtu kamba, na tulikuwa tumebakiza senti kumi tukubaliane, mara nikasikia mlio kama lori linalopanda kilima bila gia. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu mlimani, na sisi tuliletewa maji yake tu. Kijito kilikuja na nguzo za ua, mizizi, na mlango mzima wa choo. Yule wa kamba aliondoka nayo bila kulipa hata ile bei yake. Siwezi kumlaumu, mimi mwenyewe nilikuwa juu ya marobota ya magunia.

Kwangu maji yaligusa rundo la chini tu. Kwa Maitu yaliingia mpaka kiunoni. Alikuwa na magunia tisa ya mbegu, viazi vidogo vilivyokwisha kuchipua, amevitandaza kwenye trei za mbao ili chipukizi zisivunjike. Maji yalipotoka yaliacha tope zito jeusi, na ndani ya tope mbegu zimekaa kama mawe. Mbegu ya kiazi ikishanywa maji namna ile, siku mbili tatu unaanza kuinusa.

Zile mbegu hazikuwa za kuuza. Za kuuza alikuwa ameshazimaliza, na hizi tisa zilikuwa zake, za shamba alilokodi kule juu kuelekea msitu. Alikuwa amelikodi miaka mingi, na mwenye shamba alikuwa na neno moja tu: ardhi isipopandwa msimu wa mvua, msimu unaofuata anapewa mwingine. Na mwingine alikuwepo tayari, jirani, akipita kila wiki kutazama matuta. Maitu alikuwa amekwisha kulima. Matuta yalikuwa wazi, yanangoja. Akipata mbegu mvua ingali ipo, amelishika shamba. Akikosa, amebaki na stoo yenye tope.

Lakini hakuwa na hofu. Alinijia akiwa amekunja sketi, miguu imejaa matope, akasema, "Kijana, mimi nimetoa taarifa. Soko la kwanza halijafika hata."

Mimi na Hajji tulikagua jioni ile ile. Mwenyekiti hakuwepo, alikuwa amekwenda Kianyaga kwenye mazishi ya shemeji yake na ufunguo wa sanduku akauchukua. Tulizihesabu trei. Mimi nilizihesabu mara mbili, Hajji akaniambia mbegu haziongezeki kwa kutazamwa. Magunia tisa, kwa bei ya wakati ule shilingi thelathini na tano kila moja, mia tatu na kumi na tano. Hakuna aliyebisha. Mpaka hapo bima yetu ilikuwa mbele ya kampuni yoyote ya Nairobi.

Kesho yake akaja bwana afya.

Maji yalikuwa yameangusha vyoo vya soko na kusambaza vilivyomo. Bwana afya alitembea huku ameshika leso puani, akaandika, akaondoka, na mchana karani wa kanso, yaani halmashauri, yule anayekata tikiti za ushuru, akaja kugongomea ilani kwenye lango. Soko limefungwa mpaka vyoo vichimbwe upya.

Mwanzoni sikuona shida. Watu walitandaza vitu kando ya barabara ya Nanyuki, siku zile zile, vitunguu vile vile, kelele zile zile. Niliuza vizuri. Ilikuwa siku ya pili ya kuuza barabarani, nikimrudishia mtu chenji, ndipo nilipojiuliza: hili tunalofanya ni soko?

Nikamwuliza karani wa kanso, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe bila kazi.

"Soko gani?" akasema. "Umeniona nikikata tikiti?"

"Lakini watu wananunua."

"Hata kwenye harusi watu wanakula. Si hoteli."

Siku nzima niliuza nikilirudia jibu hilo.

Mwenyekiti alirudi kutoka Kianyaga siku ya tatu ya kuuza barabarani. Alifungua stoo yake ya ngozi, na hata sisi tuliozoea tulisogea. Ngozi zote zilikuwa zimeoza. Akaja moja kwa moja kutoa taarifa ya hasara, shilingi mia mbili na kitu, na ndipo tulipogundua tulichokuwa tumekifanya.

Kama ile ya barabarani ilikuwa soko, basi mwenyekiti alikuwa amechelewa, soko la pili lilikuwa limempita na hana haki. Kama haikuwa soko, mwenyekiti hakuchelewa, lakini Maitu naye bado hajaanza hata kuhesabiwa. Soko la sita kwake lilikuwa mbali kuliko lilivyokuwa siku ya mafuriko, maana la kwanza halijulikani litakuwa lini. Na sandukuni mlikuwa na pesa za kuwatosha wote wawili. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Haikuwa vita ya pesa.

Tulikutana bucha.

"Mimi sina ubaya na mama," mwenyekiti alisema. Alikuwa anakata mbavu na hakuacha kukata. "Lakini soko ni soko. Soko iko na lango, iko na tikiti. Barabara ni barabara."

"Umeuza nyama wiki hii?" Maitu akamwuliza.

"Nimeuza."

"Ukauzia wapi?"

"Bucha yangu haijawahi kungoja soko."

Hajji akasema kule Nanyuki soko lilikuwa likiendelea, lina lango na tikiti, tuhesabu la huko. Mwenyekiti akamwuliza kama mafuriko ya Nanyuki tutayalipa pia. Wenye stoo zilizobaki kavu waligawanyika, wengine huku, wengine kule, na wengine walihama upande kila mara mtu alipomaliza kusema. Nami nilikuwa mmoja wa hao, ingawa sheria ilikuwa imetoka kinywani mwangu.

"Tusameheane," nikasema. "Mwenyekiti alipwe, Maitu alipwe, tufunge sanduku."

"Ukisamehe muhula mara moja," mwenyekiti akasema, "kesho mtu analeta hasara ya mwaka jana. Sheria ni yako, ndugu yangu. Wewe ndiye ulisema soko haliwezi kusingiziwa."

Nilikuwa nimesema. Tena kwa sauti.

"Basi nusu," nikasema. "Mpe mama nusu sasa."

"Nusu ya soko la sita ni soko la tatu. La tatu limefika?"

Watu walicheka, hata mimi, na hilo nalo silielewi. Maitu hakucheka. Alisimama, akakung'uta sketi, akasema, "Mvua haina kamati," akatoka.

Mvua kweli ilikuwa ikiendelea. Kila nilipoamka nilitazama juu kuelekea msitu, na wingu lilikuwa limekaa juu ya matuta yake. Jirani yule alikuwa bado akipita. Mchimba vyoo wa kanso alikuwa amechimba mpaka goti, akaondoka kudai mshahara wa mwezi uliopita.

Nikapanda gari kwenda Nyeri, shilingi sita kwenda na kurudi, kumtafuta yule mtu wa bima. Nilimkuta ofisini, ghorofa ya kwanza, amevua koti. Alinikumbuka, na sikupenda jinsi alivyonikumbuka. Nilimweleza yote. Aliniagizia chai, ambayo baadaye nililipa mimi, shilingi mbili pamoja na mandazi yake.

"Na sisi tuna jambo kama hilo," akasema. "Mihula mingine ni ya siku za kazi. Siku ya kazi ni siku ambayo ofisi imefunguliwa."

"Na ofisi ikifungwa kwa mafuriko?"

"Basi si siku ya kazi."

"Kwa hiyo mwenyekiti ana haki?"

"Sijasema hivyo. Mteja naye hawezi kukaa milele. Inategemea."

"Inategemea nini?"

Alichovya andazi kwenye chai. "Inategemea iliandikwaje."

"Haikuandikwa. Tulikunywa supu."

Akaniangalia kwa huruma, nikaondoka na huruma hiyo, shilingi nane chini, nikiwa najua kidogo kuliko nilivyokuja.

Sikupitia nyumbani. Nilishuka Chaka nikachukua magunia tisa mapya dukani kwangu, nikadandia lori la mbao mpaka Naro Moru, kwa mkulima niliyemjua ambaye huwa anabakiza mbegu. Alitaka arobaini kwa gunia. Nikamwambia thelathini. Akaniuliza kwa nini macho yangu yanatazama mawingu. Mtu akishajua una haraka, bei haishuki tena, na hiyo ndiyo sheria pekee ninayoweza kuapa kwamba haina tundu. Tukaishia thelathini na tano kwa kuwa nilikataa kuketi. Kukodi lori la kurudi, shilingi arobaini na tano.

Tulifika shambani kwa Maitu yeye akiwa anapalilia magugu ya matuta matupu, kazi ya mtu anayekataa kwenda nyumbani. Alitazama lori, akanitazama mimi.

"Hii ni ya bima?" akauliza.

Nilitaka kusema ni yangu. Halafu nikaona nikisema ni yangu atakataa, kwa sababu Maitu hakuwahi kukopa hata kiberiti, na zawadi ya magunia tisa si zawadi, ni matusi. Nikisema ni ya bima, nimesema uongo. Nikasema, "Panda kwanza."

"Nimekuuliza kitu."

"Mvua ikiisha utaniuliza tena."

Aliinamia gunia la kwanza, akatoa mbegu moja, akaikagua chipukizi zake kama anayekagua meno ya mbuzi. "Wamekupa kwa ngapi?"

"Thelathini na tano."

"Wamekuibia," akasema, akaanza kupanda.

Alipanda siku mbili, yeye na wanawake watatu wa kanisani kwake. Jirani alipita, akasimama, akaenda zake. Mwenye shamba alikuja akaona kijani kikichungulia, akapokea kodi yake. Shamba likabaki la Maitu. Hilo nililiona kwa macho yangu, na ndilo jambo moja katika kisa hiki ambalo sijalihesabu zaidi ya mara moja.

Vyoo vilikamilika wakati wa palizi. Soko likafunguliwa, tikiti zikakatwa, nasi tukaanza kuhesabu upya. Hasara ya mwenyekiti ikawa imetolewa taarifa mapema kabisa, kabla hata ya soko la kwanza, na akalipwa ngozi zake kwa makofi. Kabla ya soko la sita tukakutana kumlipa Maitu. Nilikuwa nimejipanga. Atapewa mia tatu na kumi na tano mbele ya watu, na njiani, bila maneno mengi, atanikabidhi.

Mwenyekiti aliweka sanduku juu ya gogo. "Mama, kabla sijafungua. Nilipita kule juu. Shamba ni kijani."

"Ni kijani," Maitu akasema.

"Mbegu ulipata?"

"Nilipata."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kwa bima."

Wote tukatazama sanduku. Lilikuwa na kufuli yake.

"Bima gani, mama?"

"Bima si huyu?" Akaninyooshea kidole, wala hakuwa anatania. "Si ndiye alituwekea soko la sita? Akaona haliji, akaleta mbegu na lori. Mimi sina la kudai."

Mwenyekiti alinitazama, akatazama watu, akaitoa mikono yake juu ya sanduku. "Basi mama ameshalipwa. Tena kabla ya muhula."

Wakanipigia makofi. Nilifungua mdomo, na Hajji, aliyekuwa amekaa karibu nami, akaninong'oneza, "Unataka kumfanya mama wa watu mwongo mbele ya bucha?" Nikaufunga. Nilipiga makofi na mimi, sikujua ningefanya nini na mikono.

Nilimngoja mwenyekiti mpaka wakaondoka wote. Nikamwambia ile pesa ilikuwa yangu, anirudishie kutoka sandukuni, kila mtu anajua.

"Najua," akasema. "Lakini nitaandika nini? Bima ni ya hasara ya maji. Maji yaliingia kwako?"

"Yaligusa rundo la chini."

"Ulitoa taarifa kabla ya soko la pili?"

"Soko la pili kuanzia lini?"

"Unaniuliza mimi?" akasema, kwa upole kabisa, akanikatia robo kilo ya maini, na hakutaka pesa.

Bima ile haikuishi sana. Kanso ilihamisha stoo zote juu, karibu na barabara, mbali na kijito, na hakukuwa tena na maana ya kuogopa maji. Sanduku tuliligawa mafungu kumi na moja sawasawa. Nilipata fungu langu kama mwenye stoo yoyote kavu. Mwenyekiti alifariki, Mungu amrehemu, na Hajji alirudi Nanyuki kwa wanawe. Kwa hiyo amebaki Maitu tu wa kuulizwa, na yeye anaamini nililipwa na sanduku siku ile ile ya makofi, maana ndivyo mtu yeyote mwenye akili angeamini.

Alipovuna mara ya kwanza aliniletea viazi, magunia mawili kati ya yale yangu tisa, akasema ni vya watoto. Baadaye mwenye shamba alimuuzia kabisa lile shamba, na sasa amejenga huko juu, ana ng'ombe wawili na magoti mabovu. Nimekwenda kwake mara tatu nikiwa nimejipanga kulitaja jambo hili. Sitaki riba. Sitaki hata za lori. Nataka tu aseme kama zile mbegu zilikuwa mkopo, au malipo, au ni nini, ili nami niweze kuliweka mahali.

Kwa hiyo nawauliza mnaojua mambo haya, wenye bima na msio na bima. Kama kuna aliyewahi kumdai mtu ambaye anakuwekea chai kabla hujakaa, aniambie, tafadhali, alianza kwa kusema nini.